Tortoise: fuata besi, usisubiri mwimbaji

Nitangulize tahadhari, maana najua wengi wetu tunapenda albamu kwa sababu ya sauti ya mtu. Tortoise ni bendi ya Chicago iliyoanzishwa mwaka 1990 na mpiga besi Doug McCombs na mpiga drams John Herndon, na haina mwimbaji. Hakuna kibwagizo cha kuitikia wala beti za kukariri. Mimi nilifika kwao kupitia mpiga gitaa Jeff Parker. Nilikuwa nasikiliza jazi yake, nikataka kujua mtu mwenye mkono mpole kiasi kile anatafuta nini kwenye bendi ya roki. Kumbe humo anapiga machache sana, tena kwa kuchagua, na utamu uko hapohapo.

Katika roki tuliyoizoea gitaa ndilo linalozungumza, besi na drams zinabeba mzigo. Hawa jamaa wamegeuza kazi. Besi ndiyo inayoshika melodi, mara nyingine besi mbili kwa pamoja, moja chini na nyingine juu. McCombs hupiga pia besi ya nyuzi sita, kwa hiyo mara nyingi unachodhani ni gitaa ni besi iliyopanda ghorofani. Juu yake kuna vaibrafoni (ndugu ya marimba, yenye vibao vya chuma), marimba na sinthesaiza, na gitaa linaingia pale tu lenye la kusema. Ndiyo maana nasisitiza: usiwasikilize kwa spika ya simu. Nusu ya bendi inamezwa. Vaa hedifoni nzuri, ishike besi tangu mwanzo wa kipande, uende nayo popote inapokwenda.

Wapenzi wao wengi watakuelekeza kwenye albamu ya pili. Mimi nasema anza na TNT ya mwaka 1998. Ndiyo ya kwanza aliyoshiriki Parker, na ndiyo iliyonifungulia nyingine zote. Kipande cha kwanza, chenye jina la albamu, kinaanza na drams peke yake. Zinajikunakuna, zinakatika, zinarudi, kama mpigaji anayejaribu viti kabla ya kukaa. Kisha linaingia gitaa na kamstari kafupi kanakorudiwa, besi inajipenyeza chini yake, na taratibu unagundua kwamba zile drams zilizoonekana kutangatanga zilikuwa na mpango muda wote. Mbele zaidi zinaingia tarumbeta. Hakuna mlipuko. Kipande kinajaa tu, mpaka unashangaa kimejaa lini.

Albamu hiyo ina vipande 12 na inapita saa moja. John McEntire, ambaye ni mpiga drams na fundi mitambo wao, aliirekodi moja kwa moja kwenye kompyuta wakati bendi nyingi za roki zilikuwa bado zinategemea utepe. Kwa hiyo waliweza kukata, kupanga upya na kurundika tabaka juu ya tabaka bila haraka. Unalisikia hilo kwenye "Ten-Day Interval", ambapo marimba na vaibrafoni zinazungushana mdundo mmoja, kila duara likiteleza kidogo kutoka kwa lililotangulia. Baada yake linakuja "I Set My Face to the Hillside": sauti za watoto wakicheza kwa mbali, na gitaa la upweke ambalo lingefaa filamu ya wapanda farasi jangwani. Hicho nimekirudia kuliko kingine chochote chao. Kasoro ipo: kuelekea mwishoni albamu inalegea, na kuna dakika kadhaa za kompyuta kugugumia ambazo wangeziacha nisingezitafuta.

Ukishazoea TNT, rudi nyuma kwenye ile albamu ya pili, Millions Now Living Will Never Die ya 1996. Hapo kuna David Pajo, aliyetoka bendi ya Slint, na hapo kuna "Djed", kipande cha karibu dakika 21 kinachofungua albamu. Mwanzo wake kama unasikiliza ukiwa nje ya mlango: drams zimefunikwa, besi inanguruma. Kisha mlango unafunguka, mdundo unanyooka na kwenda mbele bila kugeuka, kinanda kikiufuata. Baada ya nusu, sauti inaanza kukatika na kukwaruza. Mara ya kwanza niliangalia kama mtandao umeyumba, na nadhani walitaka tuangalie. Ukivuka pale, muziki unaotoka upande wa pili ni mwingine kabisa. "Djed" inastahili sifa zake, lakini ukimpa mgeni aanze nayo, wengi wataishia mlangoni. Mwenye haraka asikilize "Glass Museum" inayofuata: inaanza kwa utulivu wa vaibrafoni, inashika kasi ghafla, kisha inatulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Albamu ya kwanza ya 1994, yenye jina la bendi, ni kavu zaidi. Besi, drams, nafasi tupu nyingi. Naipenda usiku, mchana inanichosha. Waandishi wa muziki walikuwa wameanza kulitumia jina la post-rock miaka hiyo, yaani ala za roki kwa muziki usiofuata desturi za roki, na Tortoise wakabandikwa lebo hiyo hadi leo, ingawa ukiwaweka pamoja na bendi nyingine zenye lebo hiyohiyo, zile za magitaa yanayopanda polepole hadi kilele, utaona hawafanani hata chembe. Hawa hawapandi kilele chochote. Wanazunguka.

Anayewaona wapole mno asikilize Standards ya 2001. "Seneca" inaanza na gitaa lenye kelele na drams zinazomwagika ovyo, halafu, ukiwa umeshajiandaa kuziba masikio, inageuka kuwa mdundo wa makofi ambao mwili hauwezi kuukatalia. Ni albamu fupi, chafu kidogo, na ndiyo ninayoiweka nikiwa na kazi za mikono. It's All Around You ya 2004 imesuguliwa mpaka inateleza. Naisifu nikiisikia, lakini siitafuti. Beacons of Ancestorship ya 2009 ina sinthesaiza nene zenye kukereketa, na "Prepare Your Coffin", licha ya jina lake, inachangamsha.

Kisha wakaleta waimbaji. The Catastrophist ya 2016 ilichipuka kutokana na kazi waliyopewa na Jiji la Chicago mwaka 2010, kutunga muziki unaotokana na jumuiya ya jazi ya jiji hilo, na vipande vyake vya ala ni vizuri sana. Nyimbo za kuimbwa ni mbili. "Yonder Blue", anayoimba Georgia Hubley wa bendi ya Yo La Tengo, imekaa vizuri kwa sababu anaimba kama ala mojawapo, haendi mbele ya wenzake. Ule mwingine, "Rock On", ni wimbo wa zamani waliourudia, nami nauruka kila mara. Sauti ikikaa katikati tu, sikio linaiacha besi na kumfuata mtu, na bendi hii inabaki kuwa wasindikizaji.

Touch ilitoka Oktoba 2025, baada ya ukimya wa miaka tisa, ikitengenezwa na watu walioishi miji tofauti: Los Angeles, Portland na Chicago. Nilitarajia umbali huo usikike. Hausikiki. "Oganesson" ina ile besi ya kujiamini na mdundo unaochechemea kwa makusudi, na waliozeeka nao watatabasamu. Bado sijaamua kama inaifikia TNT; kwa sasa naiweka sawa na Standards.

Lile kasha la A Lazarus Taxon la 2006, CD tatu na DVD moja, liache hadi mwisho. Limejaa vipande adimu na rimiksi, na mgeni atapotea humo. Kwa aliyekwisha kunogewa, DVD yake ina maonyesho ya jukwaani, na kuwatazama Tortoise wakipiga ni somo lingine: hupenda kuweka seti mbili za drams mbele kabisa ya jukwaa, mahali ambapo bendi nyingine humweka mwimbaji.