Miaka miwili na Toyota Aqua ya haibridi jijini Nairobi: uzoefu wangu

Hamu yangu ya gari la haibridi, yaani linalotumia injini ya petroli na mota za umeme kwa pamoja, ilianzia kwa gari ambalo sitawahi kulimiliki. Mwaka 2015, katika maonyesho ya magari ya Geneva, kampuni ndogo ya Koenigsegg kutoka mji wa Ängelholm nchini Uswidi ilizindua Regera, gari la mbio za ajabu lenye injini ya V8 ya lita 5, turbo mbili na mota tatu za umeme, ambalo kwa jumla lilifikisha nguvu za farasi takriban 1,500 na lilipangiwa kutengenezwa 80 tu. Kilichonishika zaidi ni kwamba halikuwa na giaboksi ya kawaida. Injini iliunganishwa na magurudumu ya nyuma kwa gia moja tu, mota za umeme zikasaidia kubeba mwendo wa chini, na hata gia ya kurudi nyuma haikuwamo, kwa sababu mota ndizo zilizolirudisha gari. Wakati huo nilikuwa abiria wa matatu ya Thika Road, nikisoma habari hizo kwenye simu huku dereva akibadilisha gia mara kumi kabla hatujafika Pangani.

Nilipopata uwezo wa kununua gari langu la pili, Januari 2023, nilichukua Toyota Aqua ya mwaka 2016 kutoka yadi moja kando ya Ngong Road. Mwaka huo wa kusajiliwa mara ya kwanza ndio uliokuwa mkongwe zaidi kuruhusiwa kuingia nchini, kwani sheria yetu hairuhusu magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8. Chini ya boneti mna injini ya sentimita za ujazo 1,496 na mota mbili za umeme, na kati yake pana seti ya gia zinazozungukana ambayo kazi yake ni kugawa nguvu baina ya injini na mota hizo. Hapo ndipo ndoto yangu ya Uswidi ilipokutana na mfuko wangu, kwa maana Aqua pia haina giaboksi ya kupanda na kushuka wala gia ya kurudi nyuma. Hurudishwa na umeme. Mfumo mzima unatoa nguvu za farasi 100, na mtu yeyote asikudanganye kwamba utazihisi zote.

Ninaishi Kahawa Sukari na kufanya kazi Upper Hill, kwa hiyo gari hili limejaribiwa mahali linapostahili kujaribiwa, yaani katika msongamano wa asubuhi kati ya Muthaiga na mzunguko wa Globe. Humo injini huzimika yenyewe, gari likasogea kwa umeme hatua kwa hatua bila mlio, na hewa baridi ikaendelea kutoka kwa sababu kompresa yake huendeshwa na umeme badala ya mkanda wa injini. Kila ninapokanyaga breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha chaji kwenye betri, na ndiyo sababu pedi za breki za mbele ni zile zile nilizonunua nalo. Gari langu la awali, la injini ya ukubwa huo huo lakini lisilo la haibridi, lilinipa kilomita 10 kwa lita katika safari hiyo. Aqua hunipa 19. Wajapani waliliandikia zaidi ya 35 katika vipimo vyao, ila wao hawakupimia Ngara saa moja na nusu asubuhi. Petroli ilipofika shilingi 217.36 kwa lita hapa Nairobi mnamo Oktoba 2023, tofauti hiyo ilinibakishia zaidi ya shilingi 10,000 kwa mwezi, kwa mwendo wa kilomita 1,000 hivi.

Kwenye barabara kuu faida hupungua. Kupanda kutoka Mai Mahiu kuelekea Rironi kukiwa na watu wanne ndani, betri hupungua chaji mapema na injini hubaki peke yake ikilia kwa sauti moja ndefu isiyopendeza, huku malori machache tu yakibaki nyuma yako. Udhaifu mwingine sikuutarajia kabisa. Ofisini kwetu maegesho yako chini ya jengo na njia ya kuingilia ni mwinamo mkali. Siku moja nikiteremka nilizuiwa na gari lililoharibika mbele, nikalazimika kuupanda tena mlima huo kinyumenyume, na gari likagoma katikati. Katika kurudi nyuma, mota hufanya kazi peke yake, na injini haiwezi kuisaidia kusukuma hata ikiwaka. Mlinzi na kijana mmoja wa kuosha magari ndio walionisukuma, nami ndani nikimkumbuka mhandisi wa Uswidi kwa maneno ambayo sitayaandika.

Jambo zito kuliko yote ni betri. Mwezi wa kumi na nne taa ya onyo la mfumo wa haibridi iliwaka nikiwa Roysambu. Fundi wa kwanza niliyemwendea aliunganisha mashine yake, akaitazama kwa dakika mbili na kuniambia betri imekufa, ninunue nyingine kwa shilingi 120,000. Hakufungua kitu chochote. Nilimshukuru, nikaenda kwa fundi wa pili, mzee anayefanya magari ya haibridi pekee, naye akaanza kwa kuniuliza kama huwa ninabeba mizigo kwenye kiti cha nyuma. Ndiyo, nilikuwa nikibeba magunia ya chakula cha kuku cha mama. Betri ya Aqua imefichwa chini ya kiti hicho na hupozwa kwa feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni, chini ya kiti. Tundu langu lilikuwa limefunikwa na gunia, na feni imejaa vumbi na pumba. Alisafisha feni, akapima seli moja moja, akabadilisha mbili zilizokuwa dhaifu, na nikalipa shilingi 14,500. Taa haijawaka tena tangu siku hiyo.

Mengine nitayapitia haraka. Gari liko chini sana, takriban milimita 140 kutoka ardhini, na matuta ya mtaani kwetu yamekwisha kulikwaruza mara kadhaa. Buti inatosha manunuzi ya wiki, haitoshi safari ya shagsi, yaani kijijini, ya Krismasi. Kwenye Nairobi Expressway, ambako mwendo wa juu ni kilomita 80 kwa saa, linatulia vizuri na mara nyingi injini huzima kwa sekunde kadhaa kwenye miteremko.

Anayekwenda yadini leo kutafuta gari hili aombe kwanza kuinua kiti cha nyuma na kuitazama feni, kisha aombe vipimo vya seli zote vikiwa vimechapishwa, kabla ya kusikia neno lolote kuhusu rangi au rimu. Mimi mwenyewe muuzaji aliponiambia kwamba betri ni mpya nilimwamini, kumbe ile aliyokuwa akiizungumzia ilikuwa betri ndogo ya volti 12 ya kuliwashia gari.