Niliomba kinga, nikauziwa kibubu: uzoefu wangu na bima ya maisha

"Mzee, si ulitia sahihi mwenyewe?" Maneno hayo niliambiwa Malindi, katika ofisi ya kampuni ya bima ambayo sitaitaja jina, na mtumishi mwenye umri wa binti yangu wa kwanza, naye hakuinua uso kutoka kwenye kompyuta alipoyasema. Muda umepita tangu siku hiyo, lakini bado yananijia nikiwa nimeinamia ubao na patasi mkononi, na mara nyingine hunilazimu nisimame kwanza ili hasira isiniharibie nakshi. Naandika haya kwa ajili ya mtu yeyote wa Amu (Lamu), Malindi au kwingineko pwani ambaye wakala amekwisha kaa barazani kwake na kunywa kahawa yake, na karatasi ziko mezani zikingoja sahihi. Ndugu yangu, usitie sahihi leo.

Mimi ni fundi wa milango. Kazi yangu ni mfaa (nguzo ya katikati ya mlango), kilemba (ubao wa nakshi wa juu) na vizingiti, kwa mbao ya mbambakofi ikipatikana, au mvule, na mlango mmoja mkubwa unaweza kunichukua miezi miwili au mitatu. Fedha yangu haiji kila mwisho wa mwezi kama ya mwalimu au karani. Huja nusu mteja anapoagiza na nusu anapochukua mlango wake, na kati ya hapo tunakula kwa hesabu. Kaskazi ikivuma na wageni wakijaa Shela, kazi hunizidi. Kusi ikishika na hoteli zikifungwa, naweza kukaa miezi bila oda hata moja. Kila mtu katika mji huu anaijua hali hiyo. Kijana aliyekuja kuniuzia bima, mzaliwa wa hapa hapa, aliijua pia, na bado hakuniuliza hata mara moja napata fedha zangu kwa njia gani.

Nilimweleza nilichokitaka kwa lugha ya wazi kabisa. Nilimwambia kwamba rafiki yangu mmoja alikuwa amefariki ghafla akiacha watoto wadogo, na kwamba hofu yangu ilikuwa moja tu: nikiondoka kabla mwanangu wa mwisho hajamaliza kidato cha nne, nani atamlipia karo? Mtoto huyo alikuwa na miaka sita. Ilikuwa hesabu ya miaka 12 hivi, na baada ya hapo ningeweza kupumua. Kwa mtu anayeijua kazi yake, maneno hayo yangetosha, kwa maana iko bima ya muda maalumu, ambayo hulipa ukifa ndani ya miaka mliyopatana na hailipi kitu ukiwa hai muda ukiisha, na kwa sababu hiyo ada yake ni ndogo sana ukilinganisha na kinga inayoitoa. Mimi sikuijua. Yeye aliijua, au alipaswa kuijua, na hakuitaja.

Badala yake alinifungulia kijitabu chenye picha ya familia inayocheka, akaniambia: "Ami, hii ya kwetu haipotezi hela yako. Ukifa, watoto wanalipwa. Usipokufa, unalipwa wewe." Ilikuwa bima ya akiba, ya miaka 15, shilingi 3,000 kila mwezi kwa kinga ya shilingi 400,000 pamoja na faida itakayopatikana. Ni nani asiyependa kusikia kwamba hapotezi? Nilimwita mama watoto naye asikilize, tukafurahi pamoja, nikatia sahihi kwenye karatasi za Kiingereza ambazo wakala ndiye aliyezijaza kwa mkono wake, kuanzia tarehe yangu ya kuzaliwa hadi nambari ya simu. Hiyo nambari ya simu nitairudia.

Leo nikiitazama ile hati, naona karibu kila kipengele kilikuwa cha mtu mwingine. Alinisifia unafuu wa kodi, yaani asilimia 15 ya ada unayolipa, hadi kikomo cha shilingi 60,000 kwa mwaka, na ni kweli sheria ya Kenya inautoa. Lakini unafuu huo humfaa hasa anayekatwa kodi ya mapato kwenye mshahara, na mimi si mwajiriwa wa mtu. Aliniongezea pia bima ya gharama za mazishi, shilingi 100,000, na ada yake ikaingizwa humo humo katika zile 3,000. Mazishi! Sisi Waislamu wa Amu mtu akifa asubuhi, alasiri amekwisha kuzikwa. Sanda si mali nyingi, kaburi huchimbwa na vijana wa mtaa, na majirani ndio wanaopika. Kinacholemea huja baadaye, katika eda, pale mjane anapokaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki kwenda kutafuta, na duka linadai, na shule inadai. Kama angeniuliza, ningemwambia anikatie fedha ya kumlisha mke wangu katika siku hizo, na si ya sanduku la maiti ambalo hatulitumii.

Nililipa kwa M-Pesa bila kukosa kwa miezi 28. Hesabu yake ni shilingi 84,000. Kisha ikaja kusi moja ndefu, mteja wa mlango mkubwa akaahirisha, mtoto akalazwa, na malipo yakanipita mwezi mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Nilimpigia wakala kumweleza, simu yake haikupatikana. Nikajipa moyo kwamba fedha yangu iko pale, kama fedha ya chama inavyokaa, na nikipata oda nitalipa malimbikizo yote kwa pamoja. Hakuna ujumbe wowote ulionifikia wa kuniambia vinginevyo.

Siku niliyoamua kwenda mwenyewe nilivuka kwa boti ya alfajiri hadi Mokowe, nikapanda basi, tukapita Witu na Garsen tukisimamishwa vizuizini kutoa vitambulisho, na nilipofika Malindi adhuhuri ilikuwa imekwisha ingia. Niliswali kwanza, nikanyoosha kanzu, nikapanda ngazi za ofisi ile kwa adabu zote. Nilikaa kwenye benchi kwa muda wa karibu saa mbili. Waliokuja nyuma yangu wakiwa na tai walihudumiwa mbele yangu. Zamu yangu ilipofika nilitoa salamu, na sikujibiwa, nikaitoa tena, nikaambiwa, "Nambari ya mkataba." Nikaitoa. Binti akabonyeza, akasoma, akasema mkataba umekufa. Nikamwuliza, umekufa vipi, mwanangu, na mimi nimelipa zaidi ya miaka miwili? Akajibu kwamba siku 30 za muhula wa kuchelewa kulipa zilipita, na kwamba mkataba wangu ulikuwa haujafikisha miaka mitatu ya malipo, kwa hiyo hauna thamani ya kurudishiwa. Hakuna hata shilingi. Nikasema hilo halikuelezwa kwangu na mtu yeyote. Hapo ndipo aliponiambia: "Mzee, si ulitia sahihi mwenyewe?"

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini neno hilo limenichoma kuliko hasara yenyewe. Shilingi 84,000 ni fedha nyingi kwangu, lakini nimewahi kupoteza zaidi kwa mteja mlaghai na nikalala usingizi. Nadhani ni kwa sababu lilikuwa kweli. Nilitia sahihi. Nikiuza mlango, humweleza mteja kwamba mbao hii itapasuka akiiweka penye jua la mchana kutwa, hata kama hakuuliza, maana yeye si fundi na mimi ndiye fundi. Sijawahi kumwambia mtu mlango wake umepasuka kwa sababu alilipa mwenyewe. Yule binti aliishika sahihi yangu akaigeuza kuwa kosa langu, mbele ya watu, na hakuniambia hata kwamba mkataba uliokufa unaweza kufufuliwa kwa kulipa malimbikizo na riba na kutoa maelezo ya afya upya. Nimelijua hilo baadaye kwa mtu mwingine. Kama angelisema siku ile, labda ningekopa, labda ningeokoa kitu.

Nilipokataa kuondoka, aliitwa bwana mmoja mtu mzima zaidi, naye kwa kweli alinikaribisha kiti. Ndiye aliyenionyesha kwamba ujumbe wa kunikumbusha ulikuwa umetumwa mara nne. Nikamwomba anisomee nambari ambayo ujumbe huo ulitumwa. Haikuwa yangu. Ilikuwa nambari ya wakala wao, ambayo aliiandika yeye mwenyewe pahali pangu siku ile barazani, na wakati huo alikuwa amekwisha acha kazi. Nikamwuliza yule bwana, je, na hapo pia nilitia sahihi mwenyewe? Alinyamaza, akaniambia niandike barua. Niliandika. Jibu lililokuja ni la mistari mitatu ya pole.

Baada ya hapo nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba bima yote ya maisha ni wizi, na miezi kadhaa niliamini hivyo kwa moyo wangu wote. Siwezi kuendelea kusema hivyo, kwa sababu ya jambo nililoliona kwa macho yangu. Fundi mwenzangu wa Langoni, aliyekuwa na mkopo katika chama cha akiba na mikopo, alifariki akiwa amelipa chini ya nusu ya deni lake. Mkopo ule ulikuwa na bima ya kikundi, ile ambayo wanachama tunakatwa kidogo kidogo bila hata kuifikiria. Deni likafutwa. Mjane akakabidhiwa na fedha kidogo juu yake, akiwa bado ndani ya eda, bila mtu kumsumbua. Hakukuwa na kijitabu cha picha, wala ahadi ya faida. Ilikuwa kinga tu, na ilifanya kazi yake.

Kwa hiyo nasema hivi, na huenda kesho nikaikasirikia kauli yangu mwenyewe: kosa halikuwa bima, lilikuwa aina ya bima. Ile ya akiba si mbaya kwa mwenye mshahara usiokatika, anayeweza kutoa fedha ile ile kila mwezi kwa miaka 15 na ambaye asipolazimishwa hawezi kuweka. Mtu huyo akifika mwisho atapata chake. Kwa fundi, mvuvi, nahodha wa boti au mama wa mikate, mkataba unaokufa kwa miezi michache ya ukame ni mtego, kwani sehemu kubwa ya malipo ya miaka ya kwanza huliwa na kamisheni na gharama, na anayeshindwa mapema ndiye anayeumia zaidi. Nilipokuja kuulizia bei ya bima ya muda kwa miaka 12, inayolipwa mara moja kwa mwaka, niliambiwa ada iliyo chini ya nusu ya ile niliyokuwa nikitoa, na kinga ni shilingi milioni moja. Milioni moja! Niliisoma ile karatasi mara mbili, kisha hasira yote ikanirudia upya, maana siku yule kijana alipokuwa akinywa kahawa yangu kitu hiki kilikuwapo sokoni, na yeye akachagua kunionyesha kingine.

Liko pia jambo ambalo nalijutia mbele ya Mwenyezi Mungu, kwamba sikuuliza kuhusu uhalali. Sheikh wa msikiti wetu aliponisikia alinieleza kwa upole kwamba katika bima za kawaida wanavyuoni wengi wanaona mna gharari, yaani mashaka katika mkataba, na riba, na kwamba iko takaful, ambamo wanachama huchangia mfuko kwa nia ya tabarrui, yaani kutoa kwa hiari ili kusaidiana, kampuni ikachukua ujira wa kuusimamia. Kenya ina kampuni ya takaful tangu mwaka 2011. Aliniuliza pia jina la nani nililiandika kama mnufaika, nikamjibu kwamba ni la mke wangu peke yake. Akasema fedha hiyo ikija, warithi wengine wanaweza kumpeleka kwa Kadhi kudai mafungu yao, na mama watoto angejikuta katika kesi badala ya msiba. Hata hilo wakala hakuligusa, katika mji ambao karibu kila nyumba inafuata mirathi.

Wiki iliyopita alikuja mwingine, mwanamke wa makamo kutoka Malindi anayeuza mpango wa takaful ya familia. Nilimpokea kwa ukali ambao mgeni hakustahili, nikamtaka anionyeshe leseni yake kabla hajaketi. Aliitoa. Kisha, kabla ya kufungua mkoba wake, aliniuliza: "Fundi, mlango mmoja hukuchukua muda gani, na hulipwa lini?" Nilinyamaza kitambo. Nilimjibu, naye akaandika, akasema basi tuangalie malipo ya mara moja kwa mwaka, mwezi wa pili, kaskazi inapokuwa bado na wageni.

Sijatia sahihi. Fomu iko kwa binti yangu, anaisoma ukurasa kwa ukurasa na kunifasiria, na amekwisha kuweka alama penye mambo mawili ambayo lazima yule mama aje kutueleza. Pahali pa nambari ya simu nimejaza mimi mwenyewe.