Sensa ya MAP ya bar 3 kwenye Impreza yangu: sensa haina kosa, ila namba niliyopewa ilikuwa ya uongo

Nina miezi saba na hii kitu, sensa ya kupima presha ya hewa inayoingia kwenye injini, ndo maana nimeona niandike sasa, maana ningeandika wiki ya kwanza ningewadanganya, wiki ya kwanza kila kitu ni kizuri.

Gari ni Impreza WRX ya 1998, injini EJ20 ya tabo, naishi nayo Arusha. Kwa wasioijua, hizi zinapima hewa kwa eaflo, ile sensa ya waya wa moto inakaa baada ya boksi la filta kabla ya tabo. Eaflo ni sensa nzuri sana ikiwa gari umeiacha kama ilivyotoka kiwandani. Mi sikuiacha. Niliweka filta ya pamba inayopakwa oili, na kwa vumbi la huku nikawa naisafisha na kuipaka kila mara, oili ikawa inavutwa inaganda kwenye ule waya, gari inamisi, unaosha eaflo inapona wiki mbili inarudi kulekule. Juu ya hapo niliweka valvu ya kuachia hewa nje (ile ya pshhh, ndiyo najua, utoto), sasa eaflo imeshahesabu hiyo hewa na ECU (kompyuta ya injini) imeshamwaga mafuta yake alafu hewa yenyewe imetupwa nje, kila ukibadilisha gia gari inatoa moshi mweusi na kukohoa.

Basi nikaamua kubadilisha inteki yote. Eaflo itoke, bomba la alumini la milimita 76, ECU ya kununua, na sensa ya MAP ya aina ya GM ya bar 3, waya tatu: volti 5, ishara, na graundi. Kazi ya MAP ni nyepesi kueleza, badala ya kupima hewa inayopita inapima presha iliyomo ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawia silinda hewa), ECU ikichanganya na mzunguko wa injini na joto la hewa inajua silinda imemeza kiasi gani. Kwa hiyo lazima na sensa ya joto la hewa iwepo, msije mkaruka hiyo. Sensa ya MAP imenitoka laki mbili na kidogo mpaka imefika mkononi.

Kufunga kwenyewe. Sehemu iliyonitesa haikuwa sensa, ilikuwa ule mpira mkubwa wa kuingilia tabo, kwenye EJ20 unapita chini ya manifoldi na ukizeeka unapasuka upande usiouona, kuutoa kiungwana lazima manifoldi ing'olewe. Wa kwangu ulikuwa umechanika kama kidole kizima! Miaka yote hiyo nalaumu eaflo, kumbe na huo ulikuwa unavuta hewa isiyopimwa.

Sensa yenyewe gereji ya kwanza waliifunga juu ya injini na mpira wake wakauchukua kwenye T moja na valvu ya pshhh. Hapo mi sikujua kitu nikaona pamependeza. Yote mawili makosa. Juu ya injini kuna joto na mtikisiko, na ukichangia mpira na valvu, kila valvu ikifunguka ishara inaruka ruka. Mpira wa MAP uwe wa peke yake, mfupi, utoke kwenye manifoldi baada ya kipepeo (kile kinachofungua hewa ukikanyaga mafuta), sensa ikae juu kuliko pale mpira unapotoka na tundu lake liangalie chini ili unyevu na mvuke wa mafuta urudi ulikotoka usilale ndani. Na klipu pande zote mbili, tafadhali, maana mpira ukichomoka ukiwa kwenye busti (presha inayosukumwa na tabo) ECU inadhani hamna busti, inapunguza mafuta wakati injini ndo inayataka, na pistoni za EJ20 haziombi ruhusa kupasuka. Graundi nayo irudi kwenye ECU, usiipige kwenye bodi ya gari.

Sasa tuje kwenye namba.

Siku ya kuchukua gari kijana wa gereji akafungua laptopu, akawasha swichi bila kuwasha injini, namba ikasoma 101 kPa (kilopaskali, kipimo cha presha, 100 ni bar 1). Akaniambia unaona kaka, hewa ya kawaida ni 101, sensa imekubali. Nikauliza ilikuwa inasoma 101 yenyewe? Akasema hapana, mwanzo ilisoma 86, "nimeirekebisha". Nikafurahi kabisa, nikamuongeza hela ya soda. Tena akanionyesha hali ya hewa kwenye simu yake, Arusha presha 1016 (yaani 101.6 kPa), eti unaona inafanana.

Gari ikatyuniwa (ECU ikapangiwa mafuta) Arusha, busti bar 0.9, kikomo cha kukata mafuta akaweka 200 kPa. Ikatembea vizuri mno, nisiseme uongo. Haitoi moshi mweusi, ukikanyaga inaondoka. Miezi miwili nikaisahau.

Alafu nikapata safari ya Tanga. Mji wa Moshi safi, Same safi. Kupita Mombo nikataka kulipita lori, nimekanyaga, gari ikakata pwaa kama mtu amezima swichi, ikarudi, ikakata tena. Niko upande wa wenzangu, lori pembeni, mbele basi linakuja. Sitaki kuongelea hiyo sekunde. Nilirudi nyuma ya lori nikakaa hapohapo mpaka Korogwe, nikajaribu tena barabara ikiwa tupu, inakata. Kila nikishuka ndo inakata mapema zaidi. Tanga mjini ukigusa tu busti kamili imekata.

Nikiwa Tanga nikawasha swichi bila injini nikaangalia kile kidisplei kidogo cha ECU: 116. Nikakiangalia kama dakika mbili nikidhani kimeharibika. 116 ya nini, gari imezimwa, iko kando ya bahari?

Nilirudi Arusha taratibu kama nimebeba mayai, nikaenda kwa mzee mmoja ambaye ameshika magari ya mashindano miaka mingi, shikamoo yangu hata hajaimaliza kuitika ameshauliza, "Nani kakwambia Arusha kuna 101?" Akachukua simu yangu mwenyewe (sikujua hata kama ina baromita ndani), akaweka programu ya kusoma hiyo baromita, ikaandika 860 na kitu. Yaani 86 kPa. Ile namba ambayo sensa ilisoma yenyewe siku ya kwanza kabla haijarekebishwa!

Alivyonielewesha mzee ni hivi. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, 86 ndo haki yake. Ile 1016 ya hali ya hewa kwenye simu ni presha iliyopigwa hesabu kana kwamba uko usawa wa bahari, ili miji ilinganishwe, siyo hewa unayovuta. Kwa hiyo kijana aliongeza 15 kwenye kila kitu. Kwenye mafuta haikuonekana kwa sababu alityuni juu ya uongo huohuo, jedwali la mafuta ndani ya ECU likazoea. Lakini springi ya westigeti (kilango cha tabo kinachozuia busti isizidi) haijui ECU imeandika nini, yenyewe inasukumana na hewa ya nje. Busti ya 0.9 ni 90 juu ya hewa ya mahali ulipo. Arusha ni 86 na 90, unapata 176, ECU ilikuwa inasoma 191, chini ya kikomo. Tanga ni 101 na 90, yaani 191 ya kweli, ECU inasoma 206, kikomo 200, kwisha.

Nikasema basi si tunaongeza kikomo tu? Mzee akacheka. "Mwanangu, kikomo ndo kimekuokoa." Akanifungulia jedwali, mistari ya juu ile ambayo Arusha gari haiwezi kuifikia hamna mtu aliyewahi kuityuni, ilijazwa kwa kukisia. Ningeendelea kukanyaga Tanga bila kukatwa ningekuwa naendesha kwenye mafuta ya kubahatisha, na huko chini hewa ni nzito, moto ni mkali.

Tukarudisha kipimo cha sensa kama kilivyokuja kwenye karatasi yake. Akakihakiki kwa pampu ya baiskeli yenye geji, T moja, unapampu bar 1 juu ya hewa ya Arusha inatakiwa isome 186, ikasoma 185. Sensa haikuwahi kuwa na kosa hata siku moja. Jedwali lote likabidi lityuniwe upya, maana gari ikiwa imesimama injini inaunguruma tu ilikuwa inasoma 50, sasa ni 35, mafuta yote yalihama. Ile mistari ya juu tuliimalizia Tanga, mzee kiti cha pembeni na laptopu mapajani, nikalipa safari, chakula na lojing'i. Hela niliyolipa kurekebisha imezidi niliyolipa kufunga.

Kwa hiyo sensa naipa 5 kati ya 5, bomba la alumini 4 kwa sababu linapata moto, ile gereji sitaitaja na nyota nazo sitoi. Ukifungiwa MAP popote ulipo, washa swichi, injini izimwe, linganisha na baromita ya simu, siyo ile ya hali ya hewa. Mjini Moshi utaona kama 92. Ukiambiwa 101 na uko Moshi, usitoe hela ya soda.

Kilichobaki kwangu ni sensa ya joto, iko karibu mno na intakula ya juu (rejeta ya kupoza hewa ya tabo), ukisimama kwenye foleni inapanda mpaka gari inakuwa zito kuondoka. Mzee kasema nimletee Jumamosi.