Ulezi wa masomo wa Jumamosi hapa Mtwara: mzuri, ila Oktoba unalegea

Mzazi wa Chuno, Magomeni au Naliendele mwenye mtoto shule ya kata huuliza kwanza: hawa vijana wanaojitolea kuwasaidia wanafunzi wa sekondari masomo kila Jumamosi wana tofauti gani na tuisheni? Tofauti ipo, na ni kubwa. Tuisheni hukimbizana na mada. Hapa mlezi mmoja huwashika wanafunzi watano, akafungua madaftari yao na kutafuta walipoanza kupotea. Halipiwi mtu. Mtoto aje na barua ya ruhusa ya mzazi, madaftari ya shule na kitabu cha jedwali za hesabu, kwa sababu kikokotoo hakiruhusiwi kwenye Hisabati ya kidato cha nne.

Kipindi huanza saa tatu asubuhi na kwisha saa tano na nusu. Dakika 20 za mwanzo ni jaribio la maswali matano, na hapo ndipo kazi yao inapopendeza. Mwanafunzi ameandika (x – 3)² = x² – 9. Mlezi hafuti. Anamwambia aweke 5 mahali pa x: upande mmoja unatoa 4, mwingine 16. Mtoto mwenyewe anashtuka. Kisha anachora mraba wa vyumba vinne, anazidisha chumba kwa chumba, anapata x² – 6x + 9, na kosa linaingia kwenye daftari la makosa pamoja na tarehe. Wiki mbili baadaye anaulizwa tena swali la aina hiyo. Daftari hilo peke yake linatosha kumfanya mzazi amruhusu mtoto.

Kiingereza nacho wamekishika vizuri. Mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anaijua Baiolojia, ila swali linamponyoka. Wanafundisha vitenzi vya mtihani kimoja kimoja: "state" ni kutaja kwa kifupi, "explain" inadai sababu, "differentiate" inadai kulinganisha. Kosa la kila siku kwenye hiki cha mwisho ni kueleza maana ya kitu cha kwanza, kisha cha pili, bila "whereas" ya kuvikutanisha.

Kwenye mbinu za mtihani wangeweza kufanya zaidi. Hisabati ya kidato cha nne ina maswali 10 ya alama 6 na manne ya alama 10, kwa saa 3. Ukitoa dakika 10 kwa kila swali dogo na 17 kwa kubwa, zinabaki 12 za kukagua. Wanafunzi wengi hawafundishwi hesabu hii, wakazama dakika 40 kwenye swali moja. Aliyekwama chini ya alama 30, ambako daraja la D linaanzia, apewe kwanza takwimu na matriki ayashike barabara, badala ya kuburuzwa kwenye silabasi nzima.

Udhaifu mkubwa ni Oktoba. Korosho zinaanguka, familia zinahamia mashambani, watoto wanaokota, na mitihani ya kidato cha pili na cha nne huangukia mwisho wa Oktoba na Novemba. Wakati huohuo walezi, wengi wao wanachuo, wanabanwa na ratiba za vyuo vyao. Anayebaki hujikuta na wanafunzi 15, anashika chaki, na ulezi unageuka kuwa somo la darasani. Dawa yake wanayo mikononi: marudio yaishe mwisho wa Septemba, kila kundi liwe na walezi wawili wa kupokezana, na mtoto aende shambani na karatasi nne, moja kwa kila Jumamosi, zisahihishwe akirudi.

Jambo jingine ni njia mbili za swali moja. Mlezi akikosoa njia ya mwalimu wa darasani mbele ya mtoto, mtoto huchanganya zote mbili na kukosa kotekote. Walezi waombe azimio la kazi, yaani mpango wa mada na wakati wa kuzifundisha, kwa mwalimu wa somo, wafuate mada anayofundisha.

Usalama ni wa kuridhisha: milango iko wazi, watu wazima ni wawili muda wote, na mabinti wanafika nyumbani kabla ya adhuhuri. Hata hivyo mzazi amuulize mkuu wa shule kama ana majina ya walezi.

Mlete mtoto Januari akiwa kidato cha pili. Kidato cha nne anayeanza Septemba atapata mazoezi ya maswali tu. Kidato cha tatu hawana kundi lao, na hilo linaumiza, kwani mada za mwaka huo zinatoka kwenye mtihani wa mwisho kama zile za kidato cha nne.