Fundi wa nguo naangalia mshono wa kichwa changu: uzoefu wangu wa opareshoni ya uvimbe wa ubongo hapa Nairobi

Niseme mapema hii si ya kumuuzia mtu hospitali, jina sitaji, na mimi si daktari. Mimi ni fundi wa nguo, niko na kibanda hapa Umoja mwaka wa 14 sasa, nashona yunifomu za shule na madera na zile nguo za harusi za kuletwa Alhamisi zikitakiwa Jumamosi. Kwa hivyo nikiongea juu ya mshono niaminini, hayo mengine mkaulize wenye koti jeupe.

Ilianza na mkono wa kulia. Nakata kitambaa, makasi inaanza kuchezacheza yenyewe, kidole gumba na cha pili vinarukaruka kama dakika moja hivi halafu vinatulia, nasema ni uchovu ama ni baridi ya Julai. Duka la dawa wakaniuzia vitamini. Halafu kichwa, hasa nikiamka alfajiri, na siku zingine natapika hata sijaonja chai. Baadaye uzi ukakataa kuingia kwa sindano, nikasema basi ni macho, si nimegonga 43, nikaenda kupimwa miwani. Huyo mtu wa macho Mungu ambariki popote alipo. Alichungulia ndani ya jicho na ule mwanga wake akanyamaza, akarudia tena, akaniambia mama huku nyuma mshipa wa jicho umevimba, hiyo si kazi ya miwani, inaweza kuwa ni presha ndani ya kichwa, nenda ukapigwe skani wiki hii usingoje mwisho wa mwezi. Angetaka angechukua pesa yangu ya fremu na ningemshukuru.

Hiyo skani, MRI, yenyewe haiumi. Unalala ndani ya ile bomba, katikati wanakudunga dawa ya rangi ili uvimbe uonekane vizuri, na kelele yake ni kama cherehani ya kiwandani iliyolegea skrubu. Majibu: meningioma, upande wa kushoto mbele, kama limau dogo. Daktari wa upasuaji alinichorea kwa karatasi, na mimi nikamuelewa kwa lugha yangu, kwamba huo uvimbe haukuota kwa ubongo wenyewe, umeota kwa bitana, ile ngozi inayofunika ubongo, halafu ukazidi kukua ukisukuma. Akasema nyingi za aina hiyo si kansa, zinakua pole pole miaka na miaka, na sisi wanawake ndio zinatupata zaidi. Na kwa sababu upande wa kushoto ndio unaendesha mkono wa kulia, zile rukaruka za vidole zilikuwa kifafa kidogo cha mkono. Kifafa! Mimi nilikuwa najua kifafa ni mtu kuanguka na povu.

Pesa sitaongea sana. NHIF, ile bima ya afya ya serikali, ilishaondoka Oktoba 2024 tukahamia SHA, na sisi wa jua kali unapimwa kipato kwanza halafu unalipa mwaka mzima kwa mkupuo, mimi nilikuwa nimelipa kwa bahati tu kwa sababu dadangu alinisumbua. Ilisaidia upande mmoja, upande ule mwingine ni chama, kanisa, na grupu ya WhatsApp ambayo shemeji yangu aliifungua bila kuniuliza na kuweka picha yangu mbaya kuliko zote. Kama una uvimbe na hujalipa bima funga hii simu uende ulipe, ndio urudi tuongee.

Sasa maandalizi, hapa ndio nataka kukaa kidogo. Kitu cha kwanza kilichonisaidia kuliko vyote si dawa, ni daftari ya kurasa 96 na binti yangu. Siku ya kwanza ya kliniki nilienda peke yangu, nikatoka nikapigia bwanangu simu, ananiuliza wamesema nini, nikajikuta sijui. Najua tu alisema tarehe. Kichwa ndicho kigonjwa halafu ndicho unakituma kikumbuke! Kuanzia hapo binti yangu anakaa kando yangu na daftari, maswali tumeyaandika usiku: nitanyolewa wapi, damu inatakiwa kiasi gani, nani anapigiwa simu wakinitoa thieta, vile vidonge vya presha ninywe asubuhi ya opareshoni ama nisinywe. Daktari mwanzo alikuwa kama anaharakisha, lakini akiona daftari anakaa chini. Sijui ni kwa nini. Ni kama mteja akija na vipimo vyake vimeandikwa, huwezi kumdanganya mkono.

Walinianzishia dawa ya kuzuia kifafa na steroidi, hii inaitwa deksamethasoni, inapunguza maji yaliyovimba kuzunguka uvimbe. Kichwa kilipona kwa siku mbili, nikadhani nimepona, nikataka hata kuahirisha opareshoni. Usidanganyike, uvimbe uko palepale. Na hiyo deksa ina mambo yake: usingizi unahama, saa tisa usiku niko jikoni nakula chapati baridi na maharagwe, nafagia, napiga pasi yunifomu ambazo wenyewe wanazitaka Januari. Inapandisha sukari pia ndio maana wanakudunga kidole kila mara. Dawa ya tumbo wanakupa pamoja nayo, usiiruke.

Nywele nilifumua mwenyewe, nikapita kwa kinyozi wetu nikanyoa zote. Baadaye nikagundua hawakuhitaji zote, wananyoa mstari tu, lakini sijutii, nusu kichwa na rasta nusu na upara ningekaa aje. Rangi ya kucha toa, kile kifaa cha kupima oksijeni kinakaa kwa kidole na rangi inakisumbua. Daktari wa usingizi aliniuliza kama nina jino linalolegea, kama nina pumu, na kama nakunywa miti shamba, nikasema hapana, binti yangu akakohoa, nikasema ndio. Semeni ukweli hapo. Damu waliomba ndugu wajitolee, chama kikaja na watu sita, wawili wakarudishwa damu yao haitoshi, mmoja wao alilia kuliko mimi.

Kuweka sahihi ile fomu ndio ilinivunja. Wanakusomea yote: kuvuja damu, maambukizi, kifafa, mkono kulegea, kupoteza kuongea, kifo. Na unaweka sahihi na ule mkono wenyewe unaotetemeka.

Thieta ni baridi kama friji ya samaki. Nakumbuka barakoa na sauti ya mwanamke inaniuliza nashona nini siku hizi, nikaanza kumwambia madera, sikumaliza.

Kuamka: koo inauma kwa sababu ya ile bomba ya kupumulia, mpira wa mkojo, waya kila mahali, kichwa kimefungwa kama kilemba. HDU, wodi ya wagonjwa wa kuangaliwa kwa karibu, kila saa sista anakuja, tochi kwa macho, nibane vidole, inua miguu, jina lako nani, uko wapi, leo siku gani, rais ni nani. Saa nane usiku unaulizwa rais ni nani! Nilimwambia sista niache na huyo mtu nilale. Akacheka akaandika kwamba niko sawa. Nilikasirika usiku huo lakini kazi yao ndiyo hiyo, damu ikivuja ndani dalili zake ni kama mtu kuanza kuchanganyikiwa ama mboni moja kupanuka, na hawawezi kuiona ukiwa umelala tu. Hao masista nawapa nyota zote zilizo mbinguni.

Lakini kuna mambo mawili hakuna aliyeniambia na nimekasirika mpaka leo. La kwanza, siku ya tatu jicho la kushoto lilivimba likafunga kabisa, jeusi, kama nimepigwa na bondia. Nililia nikajua nimekuwa kipofu. Kumbe ni kawaida, maji ya kidonda yanateremka na uso uko chini ya kidonda, ndani ya siku chache likafunguka. Sentensi moja tu kabla ya opareshoni ingetosha. La pili, mkono wangu uliamka mbaya kuliko ulivyolala. Kikombe kinaanguka. Daktari akapita akasema ni uvimbe wa kawaida baada ya kuguswa utarudi, akaenda. Yeye ameona mia, mimi nina mkono mmoja wa kukatia kitambaa.

Sasa kutoka hospitali. Daktari alisema asubuhi unaenda nyumbani, tukatoka saa kumi na moja jioni tukingoja bili. Hiyo nimesamehe. Ile sijasamehe ni karatasi ya dawa. Deksa haiachwi ghafla, inapunguzwa kidogo kidogo kwa sababu mwili ukiizoea unaacha kutengeneza yake, na hilo ndilo jambo lililoandikwa kwa mwandiko wa kuku na vifupisho vya kidaktari. Tukaisoma vibaya, tukapunguza haraka, siku mbili nikawa mlegevu kama kitambaa cha lailoni, kichwa kimerudi, natapika. Tukapiga simu, sista akatusomea polepole, binti yangu akachora kalenda kubwa kwa manila na kuibandika nyuma ya mlango, vidonge vingapi siku gani, unaweka tiki. Hospitali ya kufungua kichwa cha mtu inashindwa kuchora kalenda?

Na chukueni gari lenye dereva mwenye huruma. Kutoka kule mpaka Umoja kila tuta nililihesabu.

Nyumbani kilichonishinda si maumivu, maumivu yalikuwa kidogo kuliko nilivyoogopa. Ni uchovu na kelele. Naoga, nalala. Nakunywa uji, nalala. Na ghorofa ya chini kuna kanisa lina spika kubwa kuliko madhabahu, kesha ya Ijumaa nilihamishiwa kwa dadangu Komarock. Wageni nao wanakuja na mikate na maziwa na unga, asanteni sana, lakini kila mmoja anataka kuniombea akiniwekea mkono kichwani. Kichwani! Mfupa umerudishwa juzi umeshikwa na vibati vidogo vya titaniamu na skrubu, na mchungaji anakuja na kiganja kizima. Bwanangu akawa anasimama kando yangu kama baunsa: bega, mchungaji, bega. Jirani mmoja alinong'ona kwamba kichwa kikifunguliwa hewa inaingia na mtu harudi kuwa yule yule. Nikamwambia deni lake la dera nalikumbuka vizuri, 1,200.

Masharti mengine: usijifungie bafuni na ufunguo, usipike peke yako, usipande juu ya kiti, usiendeshe gari mpaka daktari akubali, yote kwa ajili ya kifafa. Mimi gari sina lakini nina cherehani ya mota na pasi ya moto, nikauliza, akasema bado. Hilo la pasi lilikuwa kwa daftari.

Mazoezi ya mkono, huyo mtu wa fizio alikuwa kijana mdogo na nilimdharau mwanzo. Aliponiuliza kazi yangu akaacha ile mipira yake akaniambia lete vibanio vya nguo, vifungo vya saizi tofauti, na maharagwe. Nachambua vifungo nikiwa nimefunga macho, nabana vibanio kwa kamba. Nyota tano, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko wote.

Sasa mshono. Pini walizobania ngozi zilitolewa siku ya 11, binti yangu alihesabu 36 kabla hazijatolewa, inachoma kidogo kama kung'olewa nywele mojamoja. Nilimwambia anipige picha pande zote nikaikuza kwa simu. Mstari umepinda kama upinde, umekaa nyuma ya mahali nywele zinaanzia, kwa hivyo nywele zikiota haionekani kama mtu ameguswa. Hiyo ndiyo akili ya fundi, mshono unafichwa kwa pindo. Kingo zimekutana sawasawa, hakuna pahali pamevutwa kuliko pengine, isipokuwa karibu na sikio kuna mkunjo mdogo, ni pale mtu anapochoka akikaribia kumaliza, napajua sana. Ningempa kazi huyo daktari kesho.

Majibu ya maabara yalichukua wiki tatu na hizo ndizo nilikonda, si opareshoni. Gredi 1. Si kansa. Nililia kwenye matatu Jogoo Road na konda akanirudishia nauli. Wametoa karibu yote, kuna kipande kidogo kimekaa karibu na mshipa hawakutaka kukigusa, kwa hivyo nitakuwa nafuatiliwa na MRI, ya kwanza ilikuwa baada ya miezi mitatu na haikuwa imeongezeka. Dawa ya kifafa bado nakunywa.

Nikitoa alama, thieta na HDU tano, maelezo mbili, karatasi ya kutoka sifuri.

Mkono umerudi, si wote. Mwezi wa nne nilitunga uzi kwa sindano namba 9 mara ya tatu, nikakaa nikaitazama tu. Vifungo bado nampa msaidizi, na kupiga bandi kwa mkono kunanichosha ifikapo saa sita. Juzi yule sista wa rais ni nani amenipigia, ana sketi mbili za yunifomu za kupunguza kiuno, nimemwambia alete Jumatatu, na aje na deposit.