Zana za mbao za fundi wa Kihesa: tathmini ya mwalimu tarajali wa elimu ya awali

Kwa mwalimu tarajali wa elimu ya awali anayejiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha, seti ya herufi za plastiki inayouzwa madukani Miyomboni, mjini Iringa, hupatikana haraka lakini haimfikishi mbali. Seti hiyo huwa na herufi 26, kila herufi moja tu, hivyo mwalimu hawezi kuunda hata neno "baba", linalohitaji b mbili na a mbili, ilhali q na x hubaki ndani ya boksi bila kazi yoyote katika somo la Kiswahili. Ndiyo maana nilikwenda kwa seremala mmoja wa Kihesa, hapa Iringa, ambaye mbali na vitanda na makabati hupokea pia oda za zana za kufundishia. Nilimwagiza vibao vya herufi, vipande vya kujengea na vihesabio.

Vibao vya herufi ndivyo vinavyostahili sifa kubwa. Kwa kuwa fundi hufuata orodha ya mteja, niliagiza irabu nyingi kuliko konsonanti, maana karibu kila silabi ya Kiswahili huishia na irabu, na nikaomba ch, sh, ny na ng' zikae kila moja kwenye kibao chake ili mtoto azione kuwa sauti moja. Herufi zote ni ndogo, kwani ndizo mtoto atakazokutana nazo kwa wingi anapoanza kusoma. Jambo moja lilihitaji usimamizi: fundi alikuwa na kielelezo cha herufi zilizochapwa kwa kompyuta, na a yake ilikuwa ile ya vitabuni yenye kikonyo juu, si ya mviringo ambayo mtoto hufundishwa kuiandika. Nilichora herufi zangu kwenye manila, naye akazifuata bila kukosea. "Nichoree, mwalimu, mimi nitakata," ndiyo kauli yake, na ni ya haki, kwa kuwa yeye anajua mbao na hatuwezi kumdai ajue pia ufundishaji wa kusoma. Anayekwenda pale mikono mitupu, akitarajia kuchagua kitu kilicho tayari, atarudi na kitu kisichomfaa.

Vipande vya kujengea hutengenezwa kwa mabaki ya mbao za msindano, mti ambao katika mkoa wetu haupatikani kwa shida kutokana na mashamba makubwa ya Sao Hill wilayani Mufindi, na hapo ndipo unafuu wa bei unapotoka. Niliomba urefu uwe mara mbili ya upana, na upana uwe mara mbili ya unene. Mtoto anapokingamisha vipande viwili juu ya kimoja na kuona upana wa viwili umelingana na urefu wa kimoja, ameshaigusa nusu kabla hajaambiwa jina lake. Friedrich Froebel, aliyefungua shule yake ya watoto wadogo huko Ujerumani mwaka 1837, alikuwa akiwapa watoto mchemraba uliokatwa kuwa michemraba midogo 8 kwa sababu inayofanana na hiyo. Uwiano huo, hata hivyo, hauna maana mbao zikiwa mbichi. Vipande vyangu vya kwanza vilikatwa katika msimu wa mvua, na baada ya muda mfupi vilisinyaa kwa viwango tofauti, vingine vikajikunja, hata mnara wa vipande vichache ukawa unayumba. Fundi alivibadilisha bila ubishi, ingawa alichelewa sana. Ni vyema kuagiza wakati wa kiangazi, au kusisitiza kwamba zitumike mbao zilizokwisha kukaa ndani na kukauka.

Kuhusu usalama, pembe zote zilipigwa msasa vizuri. Suala la rangi ndilo la kuangaliwa, kwa sababu karakana nyingi humalizia kazi kwa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mageti na madirisha, na rangi ya aina hiyo inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Nilikataa rangi kabisa, na herufi zikachomwa kwa chuma cha moto. Zinasomeka vizuri, na hazibanduki.

Vihesabio sivishauri. Vilikuwa vidogo mno, vya kupita kwenye bomba lenye kipenyo cha sentimita 3, kiasi kwamba mtoto mdogo anaweza kuvimeza na kupaliwa, na darasa la awali la shule za kwetu halikosi mtoto aliyekuja na mdogo wake wa miaka miwili mgongoni. Vifuniko vya chupa vilivyo vipana kuliko bomba hilo vinafanya kazi ileile bila gharama, na wakufunzi wetu, kwa wanaojali alama, hufurahia zaidi zana zilizookotwa katika mazingira.

Seti ya vibao 60 ilinigharimu shilingi 30,000, fedha nyingi kwa mwanachuo, na ni lazima kusema wazi kwamba haitoshi darasa zima. Mwongozo ni watoto 25 kwa mwalimu mmoja, lakini tangu elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 madarasa mengi ya awali yamepita idadi hiyo kwa mbali. Mimi ninaitumia katika kona ya lugha, yaani sehemu ya darasa iliyotengwa kwa shughuli za lugha, watoto watano kwa zamu, huku wengine wakiwa kwenye kona nyingine, na kwa mpangilio huo inatosheleza.

Fundi hudai nusu ya malipo kabla ya kuanza kazi na huandika risiti ya mkono. Tarehe anayoahidi iongezewe wiki moja. Kwa waliopangiwa shule za Kilolo au Mufindi, hufunga vifaa kwenye kiroba na kuvikabidhi kwa kondakta wa basi, na nauli ya mzigo hulipwa na mpokeaji.