Suti ya kuogelea kwa triathloni: ipi ununue ukiwa Unguja

Triathloni ni mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Kabla hujatoa pesa kununua suti yake, jijue unavyolala majini. Maji yakijaa pale Mtoni, mwombe mwenzako akutazame kwa ubavuni. Miguu ikizama, wewe ni dau lililozidiwa tezi: tanga limejaa upepo, chombo hakisogei. Ugonjwa huo ndio unaotibiwa na suti ya mpira. Neoprini, ndio mpira wenyewe, imejaa vijipovu vya gesi ambavyo huinua nyonga na mapaja, mwili ukanyooka na kupasua maji badala ya kuyasukuma. Ndiyo maana anayezama miguu hufaidika nayo kuliko yule anayelala sawa tangu awali.

Hata hivyo, kwa anayeshindana huku kwetu naweka mbele suti ya kitambaa isiyo na mpira. Haikufanyi uelee. Kazi yake ni kubana mwili na kupunguza mkokoto, yaani maji yanavyokuvuta nyuma, na inatosha, kwa sababu chumvi ya bahari nayo inakubeba. Hata kusi likivuma Julai na Agosti, maji yetu huwa nyuzijoto 25 hivi. Katika masafa ya hadi mita 1,500, sheria za World Triathlon, shirikisho la dunia la mchezo huu, huwakataza washiriki wa kawaida kuvaa mpira maji yakizidi nyuzi 22. Na kuogelea kwa kasi ndani ya mpira kwenye maji ya vuguvugu ni hatari, mwili hukosa pa kutolea joto.

Unasafiri kwenda kwenye baridi, tuseme Cape Town? Chukua ya mpira yenye mikono mirefu. Unene usizidi milimita 5, ndio mwisho wa sheria. Iliyoshonwa vizuri ina 4 au 5 mapajani na nyongani, ila mabegani 1.5 au 2 tu, mkono usipigane na mpira kila unapovuta. Ivae dukani, inua mikono yote miwili. Kwapani pakibaki uwazi, au shingo ikiwa pana, irudishe: maji yataingia na utayabeba mpaka ufukweni. Ipandishe kwa nyama ya vidole, kucha huchana ile ngozi laini ya nje.

Ya mpira isiyo na mikono huwa na bei nafuu na mabega hubaki huru, lakini maji hupenya kwapani. Naiweka ya tatu.

Ya mwisho kabisa ni suti ya kuzamia ya mtumba. Nilinunua moja, muuzaji akaniapia kuwa ni ile ile ya triathloni. Siyo. Nje ina nailoni inayong'ang'ania maji, na mabegani ni nene sawa na mapajani. Sikumaliza mita mia sita, mabega yakiwaka kama niliyeshinda kinuni.

Yoyote utakayochukua, isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, igeuze ndani nje, uianike kivulini.